Kikohozi cha Zaina

Usinitazame hivyo. Sikuwa na homa, wala sikuota, na jua lilikuwa utosini. Wanaosema majini ni ya usiku hawajaishi Handeni.

Ilikuwa miaka ile ya kuhamishiwa vijiji vya ujamaa. Tulitolewa mashambani kwetu tukapangwa mstari upande wa Mazingara, tukakatazwa kurudi tulikotoka. Binti yangu Zaina akashikwa na kifua. Dawa ya zahanati ilikwisha, yeye bado anakohoa mpaka anakosa pumzi. Nikachukua panga nikaenda kwenye mjafari nyuma ya nyumba za mwisho, maana gome lake likichemshwa hufungua kifua. Kijiji kizima tulikuwa na mti huo mmoja tu.

Kwetu gome huchukuliwa upande wa mawio au wa machweo, kipande cha kiganja, kisha unakipaka kidonda udongo na kuuacha mti upone. Nilikuta pande zote mbili zimeshabanduliwa, vidonda bado vibichi. Nimesimama nawaza, akatokea jirani yangu, Mama Hadija.

"Mama Zaina, bandua tu kuzunguka mti wote," akasema. "Mtoto kwanza, mti baadaye."

Hakunisalimu. Hilo ningelisamehe, mtu huwa na haraka. Lakini mwanamke wa Kizigua akushauri uuvue mti gome lote, ukauke? Nikamtazama miguu. Majani makavu aliyokuwa akiyakanyaga hayakulia.

"Wewe si Mama Hadija," nikamwambia. "Na mti huu sikupi."

"Basi Zaina atakufa," akajibu, akitabasamu kwa meno ya jirani yangu.

Niliogopa, sikufichi. Lakini hasira ilinipanda kuliko woga.

"Akifa nitamzika," nikasema. "Na mtoto wa mwenzangu akiugua kesho, nimchemshie nini, kisiki?"

Nikampa mgongo, nikashika njia ya mahame yetu, huko huko tulikokatazwa. Wa kunifunga na anifunge. Niamini, njia nzima nilimsikia Zaina akikohoa nyuma yangu, Zaina niliyemwacha kitandani. Wewe ungegeuka? Mimi sikugeuka. Nilibandua kiganja kimoja kwenye mjafari wangu wa zamani, upande wa mawio, nikaupaka udongo, nikarudi na kikohozi kile kikinifuata mpaka mlangoni.

Zaina alikunywa, akalala, akapona. Mama Hadija mwenyewe alishuka basi baadaye kutoka Korogwe, alikokuwa akimuuguza dada yake siku zote hizo.

Ila Zaina, ambaye sasa ana wajukuu, hajakohoa tena mpaka leo, hata moshi umjae kooni. Kikohozi chake cha utoto ndicho huja nyuma ya nyumba yangu mchana wa jua kali, kikiniita nitoke.

Nawe ukienda kutafuta gome, mtu akakuhimiza ubandue kuzunguka mti wote, hata awe na sura ya mama yako mzazi, mkatalie. Usimbembeleze. Mimi kikohozi kile kikianza hufungua mlango, nakiambia: mti bado uko pale, na bado sikupi.