Nifue, Nisifue?

Jamani, mpaka leo sijui kosa langu lilikuwa wapi. Nilikuwa namshonea wifi yangu mfarishi wa harusi, lile blanketi la vipande tulilofundishwa misheni, nusu marekani nyeupe, nusu kitambaa chekundu. Mwalimu wa ushonaji akasema, "Vitambaa vifuliwe kwanza." Mama mkwe akasema, "Ukifua, utampa mwanangu kitu kuukuu. Zawadi inukie duka!"

Nikachanganyikiwa. Basi nikafua ile nyeupe kumridhisha mwalimu; kile chekundu nikakiacha kumridhisha mkwe.

Siku ya harusi nikajitwika mfarishi kichwani kwenda harusini Iyunga, rasharasha ikininyeshea njia nzima. Nafika uani, vigelegele vikakatika. Mama mmoja akapiga yowe: "Nani kampasua kichwa?" Nikageuka nyuma kumtazama huyo aliyepasuliwa. Hakuna mtu. Nikajishika shavu, mkono ukarudi mwekundu. Nikaanza kulia nikijua nakufa.

Mama mkwe akaja, akanifuta shavu, akanusa kidole. Kisha akawageukia watu wote: "Ni rangi hii! Sasa mwanamke gani anashona kitambaa bila kukifua?"