Ngoro za Shangazi

Mimi sipendi kuongozwa, na sioni sababu ya kulificha hilo. Tulipogawanywa makundi, wanafunzi wa filamu kutoka nchi mbalimbali, tukaambiwa kila kundi litengeneze filamu ya hali halisi kuhusu maisha ya majirani, nilinyoosha mkono kabla mwalimu hajamaliza kusema. Uongozaji niachieni mimi, nikasema, na twendeni kwetu Mbinga. Tulikuwa watatu: mimi, Mjerumani aliyeshika kamera, na Mmalawi wa kurekodi sauti, ambaye kwao ni ng'ambo ya Ziwa Nyasa.

Shangazi yangu, anayeishi kijiji cha Ukata huko huko Mbinga, alikuwa amevunjika mguu. Plasta ilishatolewa, lakini jembe lilikuwa bado linamshinda. Ulikuwa mwezi wa tatu, wakati wa kupanda maharage, na majirani walikuwa wamepanga kumfanyia ngokela: siku moja wote shambani kwake, yeye awapikie na kuandaa togwa, kesho yake wahamie kwa mwingine. Siku yako ikipita imepita. Nikampigia simu kuomba ruhusa ya kurekodi.

"Njooni," akasema, "ila shamba langu liishe."

"Litaisha, shangazi. Hata hatutaonekana."

Kwetu milimani hulimwa ngoro. Nyasi hufyekwa, zikikauka wanaume huzilaza kwa mistari inayokatana mpaka mteremko mzima unakuwa vyumba vyumba. Kisha wanawake huchimba katikati ya kila chumba na kuzifukia nyasi kwa udongo huo, kwa hiyo hubaki shimo na kingo zake. Mvua ikinyesha, maji hutulia shimoni badala ya kuondoka na shamba. Nyasi zikishafukiwa, hakuna kurudia.

Nami nikataka warudie. Wanawake walianza asubuhi na mapema kwa kasi ambayo hatukuitegemea, kamera ikiwa bado kwenye begi. Nilipoona vile vyumba vya nyasi nilivyovitaka kwenye picha vinafukiwa, nikapiga kelele wasimame. Wakasimama, kwa kutuheshimu sisi wageni. Nikawaomba wasubiri tupeleke kamera upande wa pili wa bonde. Tulipofika, jua likatupiga usoni, nikaamuru turudi. Halafu nikawaomba watoke shambani na kuingia tena, kana kwamba ndiyo kwanza wanafika. Mara mbili.

"Mwanangu," mama mmoja akaniuliza, "tumekuja kulima au kuigiza?"

Nikacheka. Nilidhani ananitania.

Saa saba mvua ikashuka, kazi ikakatika. Watu wakala, wakanywa togwa, wakaaga. Shamba lilikuwa nusu. Shangazi hakunigombeza. Alikaa mlangoni, mguu ameunyoosha, akasema tu kwamba maharage ya mwaka huu yatakuwa ya kuonja. Ningependelea anitukane. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Ratiba ilisema kesho yake tuteremke Mbamba Bay, wavuvi walishakubali tuwarekodi wakivuta nyavu. Asubuhi nikawaambia wenzangu kwamba ziwani hatuendi, tunachimba.

"Na filamu?" Mjerumani akauliza.

"Picha za watu waliosimama tunazo za kutosha."

Mmalawi alikuwa ameshavua viatu. Wapita njia walimchokoza sana, mwanamume mzima anachimba ngoro, yeye akawapungia mkono na kuendelea. Shangazi alituelekeza kwa fimbo yake. Mjerumani alipima kila shimo kwa mpini wa jembe kabla ya kuligusa, shangazi akambatiza jina la fundi cherehani. Mimi nilikwenda mbio mbele yao, mtoto wa hapa, nikionyesha mfano. Ilituchukua siku nne, viganja vikajaa malengelenge, na siku ya tano tukapanda. Hakuna aliyeturekodi.

Tulikuwa tumesharudi chuoni, tunahariri, niliposikia kwamba Mbinga kumenyesha mvua kubwa usiku kucha. Kazi ikanishinda. Nikampigia shangazi, nikaweka spika ili wenzangu nao wasikie.

"Shikamoo, shangazi. Shamba je?"

"Marahaba. Shamba lipo. Ngoro za fundi cherehani zimetulia, maji yamekaa kama kwenye bakuli. Za Mmalawi nzima kabisa. Tatu ndizo zilizopasuka, udongo ukaondoka na mbegu."

"Za nani hizo?"

"Unaniuliza mimi? Za mtoto wa hapa."

Wenzangu walicheka mpaka Mjerumani akatoka nje. Mimi nilikuwa nimeshika simu kwa mikono miwili.

"Nisamehe, shangazi."

"Nimeshaziziba kidogo kidogo, nimekaa chini. Maharage nitavuna, usihangaike. Jumamosi ngokela iko kwa jirani wa juu. Walinilimia mimi, na mguu huu haujapona. Nimewaambia nafasi yangu utaishika wewe."

"Mimi? Na zile zilizopasuka wameziona?"

"Wameziona. Wamesema utawekwa katikati ya wanaojua."

Sijawahi kupewa kazi iliyonifurahisha kama ile. Ijumaa alfajiri nilikuwa kwenye basi, kamera nimeiacha chuoni.