Mchungwa wa Bustani ya Sultani

Siku yangu ya kwanza katika kitalu cha miche kule Kilungu, msimamizi alinipa kisu na kuniambia nisikate kitu kabla sijajua kwa nini nakikata. Mimi niliishia darasa la saba, na sijui kama naandika hii vizuri, lakini kazi naikumbuka. Ilikuwa kubebesha: unachukua jicho la mchungwa mzuri, yaani kichipukizi kilicho kwenye kijiti, unalipachika kwenye mche wa ndimu kali, unafunga na nailoni, unangoja wiki tatu.

Nilikuwa na miaka kama minne kazini wakati barua ilikuja kutoka pwani. Kulikuwa na nyumba ya sultani wa zamani kando ya bahari, na bustani yake ilibaki na mchungwa mmoja, nao ulikuwa unakauka. Meneja akatutuma, msimamizi na mimi. Nilifurahi hata nikapiga pasi leso mbili.

Jamani, ile nyumba. Kuta nene, milango imechongwa maua, ngazi zinashuka mpaka mchangani. Asmini ilikuwa imepanda ukuta mzima, na mitaro ya mawe ilipeleka maji kwa kila mti. Mimi niliyezoea kubeba maji kwa mgongo, niliitazama hiyo mitaro kama mtu anayetazama harusi.

Mzee mtunza bustani alitupeleka kwa mchungwa. "Kateni vijiti sita, wanangu. Matawi mengine yashakufa. Hivi vikifa, basi, hakuna tena."

Msimamizi akakata, akanipa. "Mwaitu, toa majani sasa hivi." Mwaitu ni mama kwa Kikamba, aliniita hivyo ingawa alinizidi umri.

Jani hunywa maji ya kijiti. Nilijua. Lakini majani yalinukia vizuri, nikataka watu wa nyumbani wayaone. Nikafunga vijiti na majani yake kwa gunia bichi, nikisema nitayatoa ndani ya gari. Halafu nikaenda kuangalia bahari, nikasahau. Kusema haki, msimamizi pia alikuwa anaangalia bahari, lakini yeye alikuwa ameshasema.

Tulipofika Kilungu, msimamizi akafungua gunia. Majani yamelegea, vijiti vitano vimekunjamana.

"Umetuletea kuni zimevaa nguo," akasema.

"Basi niandikie barua ya kufukuzwa."

"Barua ni kesho. Sasa leta kisu."

Kijiti cha sita kilikuwa na macho manne mazuri. Nilimwomba abebeshe yeye. Akakataa. Nikabebesha yote manne. Wiki ya tatu nikafungua nailoni: jeusi, jeusi, jeusi, halafu kijani. Nilipiga kelele mpaka mpishi akatoka jikoni na mwiko. Barua ile sikuwahi kuiona.

Mche ulipokomaa tuliupeleka pwani. Nilimwambia yule mzee ukweli, kwamba vile vingine niliviua mimi.

"Na huu nani kaubebesha?"

"Ni mimi."

"Basi upande wewe." Nikapiga magoti kwenye bustani ya sultani, nikachimba.

Nimestaafu mwaka huu. Watu huniuliza kama nilikuwa fundi mzuri. Mwezi jana nilienda pwani kuuona ule mchungwa. Umenipita urefu, na umezaa. Yule mzee alishafariki. Binti yake ndiye anatunza bustani sasa, akanichumia chungwa moja. Lilikuwa kali, sitadanganya. Nililimaliza lote.