Vigingi vya Chumba cha Shangazi

Ndugu yangu, mwezi uliopita nilirudi Takaungu nikakuta nyumba ya bibi yangu inabomolewa. Kijana mmoja aliniamkia, "Shikamoo mzee," kisha akacheka: "Hii ndiyo ile nyumba ya fundi kipofu?"

Hakuwa kipofu. Kipofu nilikuwa mimi.

Shangazi alikuwa karibu kuolewa, na bibi alikuwa akimjengea chumba. Harufu ya chokaa ikichomwa ningali naisikia. Upana wa chumba kwetu uliamuliwa na boriti: fundi aliilaza chini, akaacha shibiri moja kila upande ya kukalia ukutani, ndipo akapiga vigingi na kufunga uzi. Vigingi vikishafukizwa ubani, havipimwi tena.

Juma hilohilo la kupigwa vigingi, mwalimu wa skuli alitufundisha kwamba nukta haina urefu wala upana, mstari una urefu peke yake, na jiwe lina urefu, upana na kimo. Nikalewa elimu. Ijumaa, watu wakiwa msikitini, nilipima uzi hadi uzi nikaona boriti imezidi kwa shibiri mbili. Kwangu mimi ukuta ulikuwa mstari wa chaki tu. Nikavisogeza nje shibiri mbili vigingi vya upande mmoja, eti namsahihisha fundi.

Kuta zikapanda. Siku ya kuweka boriti, ya kwanza ilipita katikati ya kuta ikaanguka chini, puu!

"Fundi, boriti imefupika hii?" vibarua wakamcheka.

"Bibi mkubwa, mimi sikupima hivi."

"Basi uzi ulitembea wenyewe?" bibi akamjibu.

Nilikuwa nimesimama palepale, mdomo umejaa kaimati. Nikameza, nikanyamaza. Fundi alikusanya timazi na mwiko wake akahamia Malindi. Akaja mwingine, akaunenepesha ukuta kwa ndani mpaka palepale alipopima yule wa kwanza. Jina la kipofu alilopewa siku ile halikumtoka.

Leo bibi hayupo, shangazi hayupo, na tanuri la chokaa limeota magugu. Lakini kifusi bado kinaonyesha kuta mbili zilizobanana. Nilimwonyesha kijana yule kwa bakora: huu wa kosa langu, huu wa haki ya fundi. Wajukuu wananisihi nisijiaibishe uzeeni. Nilinyamaza utotoni, yatosha. Nimechonga kigingi, nikakipigilia pale fundi wa kwanza alipopiga chake. Anayetaka kuking'oa, aje aking'oe mbele yangu.