Udongo Niliouua kwa Mkono Wangu

Kuna siku moja ambayo nikiikumbuka chakula hakishuki, mwanangu. Sikuwa na nia ya kuisimulia. Lakini Jumapili, baada ya misa, wewe na wenzako mlinishika mkono mkanipeleka nyuma ya soko, mkanionyesha lundo lenu la mbolea ya kuuza: maganda ya ndizi, majani ya kabichi, na katikati yake majivu na tope mliloleta kutoka viwandani. Mkaniuliza naonaje. Nilinyamaza, nanyi mkadhani uzee umeniziba masikio. Masikio yangu bado mazima, ni woga ulionifunga kinywa.

Siku hizo nilikuwa bibi harusi wa juzi. Mume wangu alinitoa Butembo, ambako ukitupa mbegu ya boga dirishani linaota lenyewe, akanileta hapa Goma, mtaa wa Murara, ambako ukichimba unakutana na jiwe. Nililia wiki nzima. Nilipouliza watu wa hapa wanalima wapi, walinicheka. Kisha mama mkwe wangu, Mama Kahindo, akanionyesha bustani yake.

Haikupita ukubwa wa vyumba viwili. Alikuwa amevunja lava, lile jiwe la volkano, kwa nyundo, akazungusha ukuta wa mawe, na ndani akajaza udongo alioubeba mgongoni kutoka mashambani Kibati, nje ya mji, kamba ikiwa kwenye paji la uso, kama wanawake wa kwetu wanavyobeba. Gunia baada ya gunia, mwaka baada ya mwaka. Juu ya udongo huo aliongeza mbolea aliyoivisha mwenyewe kwa maganda ya jikoni, maganda ya kahawa kutoka kiwandani na machicha ya bia. Mboga yake ya lenga-lenga, mchicha wa huku, ilikuwa na majani ya kufunika sahani. Na mtoto wake akipata nyumba, zawadi yake ilikuwa hiyo hiyo, udongo. Kahindo, binti yake wa kwanza, alipoolewa Munigi, alipelekewa magunia ya udongo kabla ya masufuria. Waliokuwa wakifuata ni sisi. Siku ambayo tungepata kiwanja chetu, nusu ya bustani ile ingekuwa yetu.

Alikuwa na sheria moja, na mimi niliiona kama ushamba wa wazee. Kitu chochote kilichotoka kiwandani au kwa mafundi hakikuingia kwenye lundo moja kwa moja. Alikichanganya na udongo kidogo katika bakuli bovu, akapanda maharagi matano, akangoja. Yakiota na kutoa majani mazuri, kitu hicho kinaingia. Yakijikunja, kinatupwa mbali. "Maharagi haina mudomo ya kudanganya," alikuwa akisema. Hata machicha ya bia, aliyoyatumia tangu ujana wake, aliyapima kila yalipoletwa upya. Mimi nilikuwa nikicheka chini chini. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, mwanangu, na guu langu lilikuwa linakaribia.

Kaka yake akafariki Butembo. Alipokuwa akifunga mzigo wa kwenda kilioni, aliniita kwa jina langu, "Masika, ubakie na bustani. Umwangie maji tu. Lundo usiliguse mpaka nirudie." Nikaitika ndiyo mama, ndiyo mama, kama tunavyoitika wote tukiwa tayari tuna mipango yetu.

Mpango wangu ulikuwa kumshangaza. Nilitaka akirudi akute lundo limekuwa mara mbili na bustani imejaa, ajue kwamba mwanawe hakuoa mvivu. Karibu na kwetu palikuwa na atelye, karakana ya mbao. Mafundi walikuwa wakinunua mbao za nyumba zilizobomolewa, wakazipasua upya. Wewe unajua nyumba zetu za mbao zinavyopakwa mafuta machafu ya gari ili mchwa na mvua visizile. Unga wa mbao hizo ulikuwa umerundikana nyuma ya atelye, mweusi, laini, wenye unyevu. Nami nilikuwa nimeshakaa Goma kiasi cha kujifunza kosa la watu wa Goma. Sisi tunaolala juu ya mawe, tukiona kitu cheusi kinachomumunyuka kidoleni, moyo unaruka, maana udongo mzuri kwetu ni mweusi. Nikamwuliza fundi kama naweza kuchukua.

"Beba, mama, beba yote," akasema. "Hii ilishaoza zamani. Iko sawa na udongo."

Nilimshukuru kama mtu aliyepewa ng'ombe.

Pua yangu iliniambia, mwanangu. Siwezi kusema sikujua. Harufu ya gereji ilikuwa ndani ya gunia nililojaza, nami nikajiambia ni harufu ya mahali tu, itaondoka na upepo. Bakuli la maharagi pia nililikumbuka, nikaliona pale ukutani. Lakini maharagi yangehitaji wiki mbili, na mama alikuwa karibu kurudi. Ngoja ngoja huumiza matumbo, nikajipa methali. Mjue na hilo, watoto: shetani naye anazijua methali, tena anazijua kuliko padri.

Nilichanganya unga ule na lundo lote. Kisha nikaligeuza lundo ndani ya bustani yote, sikuacha hata kona. Nikapanda. Mvua ya kwanza iliponyesha, madimbwi kati ya mistari yalikuwa na rangi rangi zinazotembea juu ya maji, nikaona ni vizuri kutazama. Ujinga wangu ulikuwa mkubwa kiasi hicho. Mama akachelewa kilioni kuliko nilivyodhani, na mboga zilizoota zilitoka njano, zikalala. Na zile za zamani, za mkono wake, zikaanza kukauka kutoka ukingoni mwa jani.

Alirudi asubuhi moja, bado amevaa kitambaa cha msiba. Hakuingia nyumbani. Alipiga magoti, akachota udongo, akaunusa, akaunusa tena.

"Hii kitu ulitosha wapi?"

"Kwa atelye, mama. Fundi alisema ilishaoza."

"Na maharagi ilisema nini?"

Nililitazama bakuli lililokuwa bado pale ukutani. Nilitamani anipige. Alibaki amepiga magoti na udongo ule mkononi, na machozi ambayo hakuyaonyesha kwa ajili ya kaka yake mbele yetu, aliyatoa pale.

Tulichota tabaka la juu tukalitupa. Akapanda maharagi katika mabakuli, udongo wa kila kona na bakuli lake. Yote yalijikunja. Tukachota tena, chini zaidi, mpaka mapigo ya nyundo yake ya zamani yakaonekana kwenye lava, alama za ujana wake. Mafuta yalikuwa yameshuka na mvua hadi huko. Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Alijaribu misimu mitatu. Kurudi Kibati kubeba upya, mgongo wake ulikataa, na baadaye hata njia ilikataa, maana vita viliifunga na kuifungua kama mlango wa mlevi. Mimi nilibeba magunia machache, nikapata mimba, nikaacha. Nakuambia ukweli, niliacha.

Mama Kahindo hakuwa amewahi kununua mboga tangu alipofika Goma. Siku ya kwanza aliyokwenda sokoni kununua fungu la lenga-lenga, alilificha chini ya kitenge chake, akapita njia ya nyuma ili majirani wasimwone. Mimi nilimwona. Nimemwona hivyo kila siku tangu hapo.

Udongo uliobaki wa mkono wake ulikuwa ule wa Kahindo, kule Munigi. Volkano ikashuka, lava ikapita juu yake. Basi ukaisha. Lakini volkano haikuwa na masikio, wala hakuna aliyeiambia ingoje. Mimi niliambiwa. Majuto ni mjukuu, na wangu amenizeekea mikononi.

Kabla hajafa nilimwomba msamaha. Akanishika kidole, akasema kwa sauti ndogo, "Miye nilikusamehe zamani, mutoto yangu. Udongo, sijue." Alikuwa akizungumza kweli tupu, bila ukali wowote. Afadhali angekuwa mkali.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Takataka za jikoni na za viwandani zinaweza kuoza pamoja zikawa chakula, mama mkwe wangu alifanya hivyo maisha yake yote. Lakini usichanganye kitu usichojua kilipitia wapi. Usimwulize anayetaka kukitupa, atakuambia ni kizuri. Kiweke peke yake, panda maharagi, ungoje, hata kama wenzako wanakucheka na wanunuzi wanakuita. Na usitumie lundo lote kwa mara moja, acha kona, maana maji yakimwagika hayazoleki.

Nasema haya nikijua huenda hutanisikia. Nimeona tope lenu, nimeona macho yenu yalivyokuwa yakilitazama kwa furaha, na nilikuwa na macho hayo hayo. Mimi nami niliambiwa na mtu aliyenipenda.

Hata hivyo pokea. Mungu akupe subira ambayo mimi sikuwa nayo. Akupe wakubwa wa kukugombeza mapema, na moyo wa kuwavumilia. Mikono yako iguse uhai, isiguse sumu, na watoto wako wale walichopanda. Nenda na baraka yangu, mwanangu, ingawa ni baraka ya mwanamke asiye na hata kiganja kimoja cha udongo wa kukuachia.