Nimewagandisha watu kwenye sherehe ya mwali Newala kwa sababu ya lenzi za mjomba

Wakuu, kwema? Wiki tatu najiuliza nilete hili au nife nalo. Naleta. Chumvi sijaongeza, na aibu sijapunguza.

Nimemaliza chuo, ajira bado, nakaa kwa mjomba Masasi. Mjomba alikuwa na studio enzi za kamera za mkanda. Studio ilishafungwa, zikabaki lenzi tatu nzuri. Kwetu mali ya mjomba hufuata watoto wa dada yake, basi akanipa mimi.

Sharti moja: nitafute DSLR, ile kamera ya kidijitali ya kubadilisha lenzi, ya kuzivalisha, nipige picha siku mdogo wangu Zuhura anatolewa unyagoni, Newala. Mwali hutolewa mara moja tu. Ukikosa, umekosa.

Sasa mimi hata ndala sinunui kabla ya kusoma maoni ya watu. Kamera niliisomea mwezi mzima. Megapikseli, uzito, betri. Nikachora jedwali la rangi. Mjomba akichungulia anauliza, "Mpwa wangu, unanunua kamera au unaoa?"

Dukani Masasi nilikuta bodi mbili, yaani kamera bila lenzi, za kampuni ileile ya lenzi zangu. Moja kuukuu, nzito kama tofali. Nyingine ndogo, inang'aa.

Nikamuuliza muuzaji, lenzi za zamani zinaingia? Akasema zinaingia. Na hakudanganya.

Lenzi zenyewe nilikuwa nimeziacha nyumbani ndani ya kanga, naogopa vumbi la barabarani. Nikaijaribu ile ndogo kwa lenzi ya dukani, ikapiga safi. Nikachukua bodi peke yake. Za mjomba sikuzigusa mpaka Newala. Vumbi, wakuu.

Asubuhi ya sherehe navalisha lenzi, imekaa vizuri. Nabonyeza. Ukungu mtupu. Nabonyeza tena. Ukungu.

Kumbe lenzi za aina hii, tofauti na ile ya dukani, hazina mota ya kutafuta fokasi, yaani ya kuondoa ukungu. Mota inakaa kwenye bodi. Lile tofali lilikuwa nayo, hii yangu inayong'aa haina. Jedwali zima halikuwa na safu ya mota!

Ikabidi nizungushe pete ya lenzi kwa mkono, na mimi sijawahi. Kila nikikaribia kupata sura, mtu kashahama. Ngoma inalia, wali, Zuhura na wenzake, wanatoka na kanga mpya, mama zangu wadogo wanacheza kweli kweli.

Ndipo shetani akaninong'oneza.

Nikapaza sauti: "Jamani, kamera hii ya kisasa inasoma sura! Nikinyoosha mkono, kila mtu agande. Ukitikisika, inakufuta!"

Wakuu, waliganda. Mpaka wapiga ngoma.

Mama Somoe, jirani yetu, alinaswa mguu mmoja uko juu. "Ishanisoma?" anauliza bila kufungua mdomo.

"Bado kidogo, mama."

"Iambie iwahi, goti hili si la serikali!"

Picha zikaanza kutoka safi, ila nyuso zote zimekaa kama foleni ya sindano. Zuhura naye katoa macho. Nikaona siku yake naiharibu, na kusema ukweli siwezi tena.

Mjomba alikuwa ameketi na wazee, anatazama mkono wangu wa kushoto unavyozungusha pete. Akainuka, akaja taratibu. Nikajua nimekwisha.

"Shikamoo mjomba." Nilishamwamkia asubuhi, ila hofu.

"Marahaba." Akawageukia watu. "Chezeni jamani! Haisomi mtu hiyo. Msomi wenu kanunua bodi haina mota, sasa mota ni nyie!"

Kisha Mama Somoe akashusha mguu: "Na goti langu lote hili?"

Uwanja ukalipuka kwa kicheko. Zuhura, ambaye alitakiwa ainamishe macho kama mwali, akainua uso, akacheka mpaka kanga ikamponyoka begani. Mkono wangu ulikuwa bado kwenye pete. Nikabonyeza.

Kungwi wake anasema mwali hakupaswa kucheka. Mama kaitundika picha hiyo ukutani hivyohivyo.

Funzo: ukiwa na lenzi za zamani, nenda nazo dukani, vumbi hufutwa. Usiulize tu kama zinaingia, uliza kama bodi ina mota.

Siku hizi mjomba ananifundisha kuzungusha pete kila jioni. Nafanyia mazoezi kuku wake, maana wale hawagandi kwa uongo.

Muuzaji amekubali nibadilishe nichukue tofali, ila nimeanza kuuzoea mkono. Nibadilishe au nibaki? Wenye uzoefu semeni. Matusi msihangaike, Mama Somoe kashayamaliza.