Bangili ya Fundi

Yule fundi Kalasinga wa karibu na soko la Arusha hakuamini macho. Kila pipa lililoletwa aliligonga kwanza kwa bangili yake ya chuma, kisha akainamisha kilemba kusikiliza. Mikono yake ilikuwa mipana, lakini spana aliishika kama mtu ashikavyo yai. Basi siku moja, enzi za Mwingereza, nikiwa dereva, nilimpelekea mtungi wa hewa ambao bwana wangu alizamia nao ziwa Duluti. Vali ilikuwa imekwama.

"Hewa imetoka yote, dereva?"

"Yote, fundi," nikajibu, nisionekane mjinga. Hata kuijaribu sikuwa nimeijaribu.

Akagonga, akasikiliza, akanitazama. "Wewe nenda nyuma ya nyumba. Mama atakupa chai."

Nikiwa na kikombe mkononi nikasikia hewa ikipiga mluzi mrefu, mrefu mno. Niliporudi vali mpya ilikuwa imekazwa, na kilemba chake kimekaa upande.

"Siku nyingine sema hujui," akaniambia taratibu. "Vali ingeruka kama risasi. Mimi iko na watoto."

Neno samahani halikunitoka, jamani. Nilimshukuru kwa chai, nikapakia mtungi.